Kompresa Isiyoguswa

Ondina Quaglia alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya kibanda cha watangazaji, juu ya jukwaa la uwanja wa Las Tunas, na mkono wake ulikuwa hautulii. Mara ushike waya, mara ugonge meza, mara urudi palepale ulipokatazwa kwenda, kwenye kisanduku cheusi chenye vitufe vya kuzungusha vilivyofunikwa kwa selotepu ya kijani na nyeupe, rangi za timu ya Juventud del Arroyo. Kila mkono ulipokikaribia kisanduku, Ulises Zanabria alikohoa, na hakuwa na mafua.

"Nakuona, dada," alisema.

"Nafuta vumbi."

"Vumbi la ubingwa halifutwi."

Zanabria ndiye aliyekuwa mchambuzi wa chaneli, mtu wa tumbo na maneno mengi, na Jumapili hiyo ya Desemba, jua likiwa limekaza kweli, alikuwa amevaa sweta la sufu la kahawia. Alilivaa tangu majira ya baridi na halikuwa limefuliwa, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo siku Juventud ilipoanza kushinda. Ukiingia kibandani ulijua hivyo kabla hujaambiwa.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kompresa. Siku Ondina alipokileta klabuni, watu walidhani ni mashine ya kujazia matairi upepo, na fundi baiskeli wa jirani akaja kuuliza kama anaweza kuiazima. Ikabidi awaeleze. Kazi ya kompresa ni kuibana sauti kubwa na kuiinua ndogo, ili mtu anayefuatilia mechi kwa simu, yuko jikoni anakoroga mchuzi, asikimbilie kupunguza sauti kila mtangazaji anapopagawa. Ukiitumia kwa kiasi, msikilizaji hajui hata kama ipo. Ukiizidisha, anayepiga kelele na anayenong'ona wanatoka sawasawa, na kila kitu kilichomo chumbani kinasikika, mpaka kijiko kikigusa kikombe.

Na Ondina alikuwa ameizidisha. Ilikuwa siku moja tu, kwa haraka, mechi inaanza na sauti ya baba yake haitoki. Alizungusha vitufe vyote mpaka mwisho akisema atavirekebisha baadaye. Siku hiyo Juventud, waliokuwa wa mwisho kwenye ligi, wakawapiga vinara wa ligi nyumbani kwao. Jumapili iliyofuata alipotaka kuilegeza akakuta selotepu. Zanabria alikuwa ameshaipitisha mara mbili mbili, kama mtu anayefunga kidonda.

Hapo ndipo watu wa Arroyo Tuerto, mji wenye timu hii, wanaponichosha. Ni watu wazima, wana wajukuu, wengine wana shahada ukutani, lakini timu ikishinda hakuna anayethubutu kuhamisha hata kiti. Aliyekuwa chooni goli lilipoingia anarudishwa chooni. Mke wa mwenyekiti wa klabu alikuwa na mguu uliovunjika siku ule ushindi ulipoanza, na ulipopona aliendelea kwenda kwenye mechi na magongo. Sasa mtu kama huyo umwambie kuwa kompresa imekazwa kupita kiasi, atakusikiliza? Ondina alijaribu. Zanabria alimuuliza kama anataka timu ikose kupanda daraja kwa ajili ya mlio wa kijiko.

Na tuseme ukweli, yeye mwenyewe hakuwa salama. Alikuwa fundi sauti wa kusomea, siku za kazi alisimamia sauti za bendi za muziki wa kumbia kwenye kumbi za harusi, na alijua kabisa kwamba mpira hauingii golini kwa sababu ya kitufe. Hata hivyo hereni alizovaa siku ile hakuzibadilisha tena.

Baba yake, Anselmo Quaglia, alikuwa upande wa pili wa meza, ameinamia maikrofoni akisafisha koo kwa uangalifu kama anayevuka kijito kwa mawe. Alikuwa na miaka karibu arobaini ya utangazaji, zaidi ya nusu yake redioni, mpaka redio ya mji ilipofungwa na klabu ikaanzisha matangazo ya mtandaoni. Mji mzima ulikua na sauti yake. Goli lake, yaani ule ukelele wake wa kutangaza goli, lilijulikana: lilianzia chini, likapanda, likazunguka juu ya mapaa, likarudi. Watoto waliliiga barabarani. Kuna bwana mmoja alimwomba alipige harusini kwake, padri akiwa bado madhabahuni, na akalipiga.

Sasa koo lilikuwa limechoka. Daktari alikuwa amemwonyesha Ondina picha, kitu kama punje ya dengu kwenye uzi wa sauti, akasema kwamba mzee akae kimya kwanza, halafu wamfanyie upasuaji, na kwamba akiendelea kupiga makelele anaweza kuamka siku moja akakuta hakuna kitu kabisa. Mzee alisikiliza kwa adabu zote. Walipofika nje alisema atapumzika ligi ikiisha.

Kwa hiyo kompresa ilikuwa siri ya watu wawili. Mzee alipiga goli lake kwa nusu ya nguvu, kisha kwa robo, na kile kisanduku kikalichukua lile lililokauka, kikalinyanyua na kulipeleka kwa watu likiwa limeshiba. Hata Zanabria, aliyekaa naye bega kwa bega, alidhani mzee anajizuia tu kwa ajili ya sauti bora. Mwenyekiti wa klabu, Don Herminio Cattáneo, hakuwa mjinga kiasi hicho. Alikuwa ameanza kuuliza mbona siku hizi goli la Quaglia ni fupi. Alikuwa na mtangazaji mmoja kijana aliyemwona mjini Paraná, mwenye kifua cha fahali na meno mazuri, na alimwambia Ondina waziwazi kwamba mechi ya kupanda daraja itatazamwa na watu wengi, wafadhili wakiwemo, na kwamba goli moja tu likipotea kwa kukosa sauti, msimu ujao kiti kinakwenda kwa kijana. Alilisema kwa upole, mkono begani. Ondina aliuchukia ule mkono kuliko maneno.

Ndiyo maana mkono wake mwenyewe haukutulia. Mbele yake palikuwa na kitufe chekundu cha kikohozi, ukikibonyeza maikrofoni ya mtangazaji inafungwa, ukikiachia inafunguka. Msimu mzima alikaa na kidole juu yake kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi mkorofi. Pumzi ya mzee ikitoa mlio kama filimbi, anabonyeza. Akikohoa, anabonyeza. Na zaidi ya yote, mzee akigeuza kichwa, anabonyeza haraka sana. Huo ulikuwa ugonjwa wa redio. Enzi zake mtangazaji aligeuza kichwa pembeni akasema lolote, akatukana mwamuzi, akaagiza mkate, na maikrofoni za wakati ule hazikusikia. Alikuwa ameambiwa mara ngapi kwamba kwa kompresa iliyokazwa hivi kugeuza kichwa si kitu, kwamba sekunde moja ya ukimya tu na mashine inanyoosha masikio kutafuta chochote. Anaitikia, anasahau.

Mechi ilianza na makelele ya watu wa Las Tunas chini yao. Mashabiki wa wageni hawakuruhusiwa kusafiri, hivyo Arroyo Tuerto nzima ilikuwa imebaki nyumbani, imejazana kwenye uwanja wa mji mbele ya klabu, viti vimetolewa nje, spika kubwa zimepangwa juu ya lori la Chela wa kantini. Hawakuwa na picha. Klabu haikuwa na haki ya kuonyesha picha, na kamera ya chaneli iliwaonyesha watangazaji wenyewe tu, Zanabria na sweta lake. Walichokuwa nacho ni sauti ya Quaglia.

Na walikuwa na adui mmoja, Firpo, mwenye duka la mikate. Firpo alikuwa na redio ya kizamani iliyoshika kituo cha jiji la mbali, na redio ile ilikuwa mbele ya matangazo ya mtandaoni kwa karibu nusu dakika. Kila goli Firpo alilijua kwanza, na hakujua kujizuia. Alitoka mlangoni na aproni yake akipiga ukelele, na raha ya mji mzima ikaharibika. Walikuwa wamemsihi, wamemtishia, wamelirushia pazia lake malimau. Firpo alisema goli likimpanda kifuani hawezi kulirudisha.

Sare haikuwatosha Juventud, walihitaji kushinda. Las Tunas wakafunga mapema. Mzee Quaglia alilitangaza goli la adui kwa sentensi moja, kama anayesoma tangazo la kifo, na Ondina akashukuru moyoni kwa sababu sentensi ile haikumgharimu kitu. Kuanzia hapo ikawa mateso. Juventud walishambulia, mpira ukagonga mlingoti, beki akauokoa kwenye mstari, na kila shambulizi mzee alipanda nalo, na kila alipopanda Ondina aliona taa za kisanduku zikijaa nyekundu na kusikia kwenye hedifoni kile ambacho wengine hawakukisikia, ule mkwaruzo chini ya sauti. Alimwashiria kwa kiganja apunguze. Mzee alimwashiria kwa kiganja anyamaze. Zanabria alipitisha kibuyu cha mate, kinywaji chao cha majani makavu kinachofyonzwa kwa mrija, kwa mpangilio uleule wa siku zote, yeye, kisha Ondina, kisha mzee, na Ondina alipotaka kuruka zamu yake alitazamwa kama mwizi wa kanisani. Akanywa. Yalikuwa machungu na ya moto.

Wakati wa mapumziko alimwomba baba yake amwachie Zanabria kipindi cha pili.

"Zanabria akitangaza tutafungwa kwa uchovu," mzee alisema. Sauti ilikuwa imebaki kama ya mtu aliye nyuma ya mlango. Akamgonga binti yake kidogo kwenye shavu, akarudi kwenye kiti.

Goli la kusawazisha lilikuja kipindi cha pili kikiwa kimekolea. Krosi, kichwa, wavu. Mzee Quaglia alisimama. Ondina alijua atakalofanya kabla hajalifanya, na hakuwa na namna ya kumzuia. Alilipiga goli lile lote, la zamani, la harusini, kutoka chini mpaka juu ya mapaa, na kompresa ikalishika na kulikumbatia, na huko nyumbani walisema baadaye kwamba lilikuwa miongoni mwa yale makubwa. Kwenye hedifoni Ondina alisikia lilipokatika. Lilikatika katikati, kama uzi wa cherehani, na kilichomalizia goli kilikuwa hewa tu, ikinyanyuliwa na mashine mpaka ikafanana na sauti.

Mzee akaketi. Akaanza kukohoa, Ondina akabonyeza, Zanabria akaingilia na uchambuzi wake mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani Ondina akamshukuru Mungu kwa mdomo wa Zanabria. Kikohozi kilikaa muda. Kilipokwisha mzee aliinua kidole gumba kwamba yuko tayari. Ondina akaachia kitufe, akageuka kuchukua chupa ya maji ya asali iliyokuwa sakafuni nyuma ya kiti chake.

Wakati huohuo kiungo wa Las Tunas alianguka ameshika paja. Uwanja ukapoa. Mwamuzi akaita machela, mashabiki wakakaa, na Zanabria, aliyekuwa amejimaliza pumzi, akanyamaza ili afyonze mrija wa kibuyu. Kibandani kukawa kimya. Na mzee Anselmo Quaglia, kama alivyofanya maisha yake yote redioni, akageuza kichwa pembeni kumwelekea binti yake.

"Ondina," alisema, "imekwisha. Nimebaki na pumzi tu. Wakipata jingine sitaweza kulipiga, na Cattáneo leo atajua. Si kiti kinachoniuma, mwanangu. Ni kwamba bila hii kazi sijui Jumapili niamkie nini."

Ondina alikuwa ameinama, chupa mkononi. Aliyasikia maneno yale mara mbili, moja kwa sikio lililokuwa nje ya hedifoni, nyingine kwa lililokuwa ndani. Yale ya ndani yalianza madogo, kisha mashine ikayapata, ikayavuta karibu, na neno Jumapili likatoka kubwa kama goli. Alijitupa kwenye kitufe. Alibonyeza mpaka ukucha ukauma. Lilikuwa limeshakwenda.

Zanabria naye alikuwa na hedifoni. Kibuyu kilibaki hewani karibu na mdomo wake. Hakumtazama mzee. Alimtazama Ondina, kisha akaitazama selotepu aliyoifunga kwa mikono yake, na uso wake wote, mashavu na kidevu, ukashuka.

Mzee hakujua. Alikuwa ameshageukia uwanja, anafuta miwani.

Kama nusu dakika baadaye, kwenye kompyuta ndogo, komenti zilizokuwa zikimiminika tangu goli lile, mipira ya moto na mioyo ya kijani, zilisimama. Watu mia kadhaa na hakuna aliyeandika kitu. Ondina alitaka kuzima kila kitu, aseme umeme umekatika. Alitaka kuibandua ile selotepu kwa meno. Alimchukia Zanabria na sweta lake, akajichukia yeye na hereni zake, maana wiki nyingi alijua na aliogopa nuksi kama bibi kizee. Halafu komenti moja ikatokea, ya mjane Leonor Baigorria, ambaye huwa anaandika tu bei za mbegu: "Mzee Anselmo, usipige kelele. Tutapiga sisi." Chini yake nyingine, ya kijana aliyehamia Barcelona. Chini yake nyingine. Zikaanza kupita haraka hata hazisomeki, na zote zilisema jambo hilohilo kwa maneno tofauti, nyingine kwa matusi ya mapenzi yasiyoandikika hapa.

Na Cattáneo? Alikuwepo. Jina lake lilikuwa limewaka pembeni ya kioo tangu mwanzo wa mechi, na halikuandika kitu.

Dakika zilikuwa zinakwisha pale beki wa Las Tunas alipomvuta fulana mshambuliaji wa Juventud ndani ya eneo la hatari, na mwamuzi, Mungu ampe uzee mwema, akaonyesha penalti. Jukwaa zima chini yao lililipuka kwa hasira. Zanabria alitamka penalti mara tatu, kisha akanyamaza, maana desturi ni kwamba kuutangaza mpigo ni kazi ya mtangazaji. Mzee Quaglia akasimama tena. Akaweka mikono miwili mezani, akaanza kuvuta pumzi ndefu, ile ya kujitayarisha, na mabega yake yakapanda.

Ondina aliona ile punje ya dengu kama ameishika kiganjani. Akabonyeza kitufe, akaigeuza kompyuta kumwelekea.

"Baba, walisikia."

Mzee hakuelewa. Akavaa miwani, akainama kusoma. Ondina alimtazama akisoma na akatamani awe mahali pengine popote duniani. Shingo ya mzee ilipanda wekundu kutoka kwenye ukosi mpaka masikioni. Aliitazama kompresa, akaitazama maikrofoni, kisha akaitazama njia ambayo kichwa chake kilikuwa kimegeukia, kana kwamba bado kiko huko.

"Yote?"

"Yote."

"Hata ile ya Jumapili?"

"Hata ile ya Jumapili, baba."

Chini, mchezaji wa Juventud alikuwa anauchukua mpira kutoka kwa mwamuzi. Mzee aliketi. Ondina alidhani atavua hedifoni na kuondoka, na alikuwa tayari kuondoka naye, wayaache yale mabegi na nyaya zote. Badala yake alivuta kiti mbele. Aliivuta maikrofoni mpaka ikamgusa mdomo, akamtazama binti yake, akaonyesha kwa macho kile kitufe chekundu. Ondina aliinua kidole chake. Kisha akauondoa mkono wote mezani, akaukalia.

"Basi sogeeni," mzee aliwaambia watu wa Arroyo Tuerto.

Haikuwa sauti. Ilikuwa kile kinachobaki sauti ikishaondoka. Lakini kompresa, iliyokazwa vibaya na kulindwa kijinga kwa miezi, ilikipokea kama ilivyopokea vijiko na pumzi za Zanabria, ikakiinua, na kwenye hedifoni Ondina alimsikia baba yake kama alivyomsikia utotoni, ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Anapiga Gauna," mzee alisema. "Gauna, yule wa kwa fundi seremala. Ameuweka mpira. Hajaridhika, anauweka tena. Anaufuta kwa fulana. Mama Gauna, kama unanisikia, kaa chini. Kipa ni mrefu, siwafichi, ni mrefu sana. Wanamzomea kijana. Yeye anatazama viatu vyake. Anarudi nyuma, moja, mbili, anasimama. Sasa hivi mimi na nyinyi hatuna la kufanya. Filimbi. Anakwenda."

Zanabria alikuwa amefumba macho.

"Goli," mzee alisema. Alilisema mara moja, taratibu, kama anavyoambiwa mtu aliyelala kwamba mgeni amefika. Akapumua. "Goli, jamani."

Hakusema tena neno lolote siku ile. Zanabria alimalizia dakika zilizobaki akilia kama mtoto na kutaja majina ya wachezaji walioacha mpira zamani, na filimbi ya mwisho ilipopigwa alilivua lile sweta palepale mbele ya kamera, jambo ambalo Arroyo Tuerto haijalisahau.

Walirudi na gari la Ondina, madirisha wazi, na njia nzima alikuwa hana raha. Ushindi ulikuwepo, kupanda daraja kulikuwepo, lakini yeye alifikiria ule uwanja wa mji. Aliwaza walivyolipokea lile goli dogo baada ya msimu mzima wa kungoja, kama halikuwakata kiu, kama hawakuwa wameshalipata kwa Firpo hata hivyo, wamesharuka na kukumbatiana na kumaliza, mzee wa watu anawanong'oneza wakati hakuna anayesikiliza. Baba yake alikuwa ameegemeza kichwa mlangoni. Hakuwa amelala. Mkono wake ulikuwa ukigonga goti.

Jua lilikuwa bado halijazama walipoingia. Watu waliwazunguka kabla gari halijasimama, na Cattáneo alikuwa wa kwanza kufungua mlango. Hakumtaja kijana wa Paraná. Alimsaidia mzee kushuka, akaondoa kofia, akamwambia Ondina kwa sauti ya chini kwamba kwenye kile kisanduku, tafadhali, mtu asibandue kitu, si sasa wala msimu ujao. Ondina hakujua acheke au amzabe kofi. Akamwambia atakilegeza kesho asubuhi, na kwamba baba yake anaingia hospitali, na akitoka atatangaza kwa sauti yoyote atakayobaki nayo. Cattáneo alisema ndiyo kwa yote.

Chela wa kantini ndiye aliyemweleza ilivyokuwa. Walipomsikia mzee akisema sogeeni, watu walisogeza viti kweli, mpaka wengine wakawa wamekaa karibu na magurudumu ya lori. Gauna alikuwa bado anaufuta mpira, kwa maneno ya mzee, pale Firpo alipotokea mlangoni kwake. Wote walimwona. Uso umevimba, machozi yanamtiririka, na aproni yote ameisokomeza mdomoni kwa mikono miwili. Hapo kila mtu akajua. Mama Gauna akajua. Watoto wakajua. Na hakuna aliyeinuka. Walimpa Firpo mgongo, wakaligeukia lori, wakaendelea kumsikiliza mzee akiwaambia kwamba kipa ni mrefu, na wakakaa kimya, mji mzima, mpaka alipomaliza na lile jamani lake. Ndipo wakapiga. Chela alisema kioo cha duka la dawa kimepasuka, ingawa Chela huwa anatia chumvi.

Mzee Quaglia aliyasikia haya yote akiwa amesimama katikati ya watu na kofia ya mtu mwingine kichwani. Akamtafuta Firpo kwa macho. Firpo alikuwa pembeni, aproni imeloa na kukunjamana, anaona aibu kusogea kama mtu asiyezoea kufanya jambo jema. Mzee alimwendea. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu, akauliza kwa mikono na nyusi.

"Niliitafuna, Mzee," Firpo alisema. "Goli langu nilikuwa nalo tayari. Lakini la kwako lilikuwa bado njiani."